Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, na uvimbe ulioonekana kwenye MRI: je, kaka yangu apasuliwe?

Mdogo wa Mvuvi (Jumapili, saa 2:15 usiku)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri kwa niaba ya kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 43, mvuvi wa Ukerewe, ambaye nimemleta kwangu Dar es Salaam kwa matibabu. Ugonjwa wake ulianza takriban miezi 14 iliyopita kwa maumivu ya kiuno yaliyokuwa yakishuka kwenye paja la kulia hadi upande wa nje wa muundi. Hospitali ya kwanza ilimpiga X-ray, ikamwambia kuwa pingili zimeanza kusagika kwa sababu ya kazi ya kuvuta nyavu, ikampa mkanda wa mgongo, vidonge na sindano. Hospitali ya pili ikasema kuwa ni diski iliyotoka na kumwandikia mazoezi. Katikati ya hayo amekandwa na watu wasiopungua wanne kwa mafuta ya kila aina.

Kilichonitia shaka ni kwamba maumivu yake hayafanani na ya watu wengine wenye mgongo. Wenzake wakijilaza hupata nafuu. Yeye akijilaza ndipo yanapoamka, na kwa miezi minne sasa analala ameketi kwenye kiti, kichwa amekiegemeza mezani. Wiki tatu zilizopita ndala ya mguu wa kulia ilianza kumtoka akitembea bila yeye kujua, mpaka atazame chini na kuona kuwa yuko peku. Aidha shemeji yangu amenieleza, kwa kuwa kaka mwenyewe aliona haya, kwamba anapokwenda haja ndogo husimama muda mrefu kabla mkojo haujaanza kutoka.

Ijumaa alipigwa MRI ya kiuno (picha ya mashine ya sumaku), bila kuchomwa ile dawa ya mshipani inayong'arisha picha. Ripoti inasema kuwa kuna uvimbe wa mviringo wenye ukubwa wa sentimita 2.6 ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, kwenye usawa wa pingili ya pili na ya tatu ya kiuno (L2 na L3), na kwamba huenda ni uvimbe wa neva. Ninaomba kujua mambo matatu. Je, huu ni uhakika wa kutosha kumpeleka mtu kwenye kisu? Je, si afadhali kwanza wachukue kinyama kwa sindano ili tujue kama ni saratani? Na je, atatembea? Wazee wa nyumbani wanasema kwa kauli moja kwamba anayepasuliwa mgongo hanyanyuki tena.

---

Daktari wa Zamu (Jumapili, saa 4:50 usiku)

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Mimi ni daktari niliye katika mafunzo ya ubingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Nitajibu maswali yako, lakini naanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lenye haraka kuliko yote matatu.

Mkojo unaochelewa kutoka kwa mtu mwenye uvimbe ndani ya mfereji wa uti wa mgongo si jambo la kungojea siku ya kliniki. Muulize kaka, wewe mwenyewe na si shemeji, maswali haya bila kuzunguka: anapojifuta baada ya haja kubwa, je, anahisi karatasi au maji pande zote mbili sawasawa? Je, ngozi ya sehemu anayokalia, na ya sehemu za siri, ina ganzi? Je, nguvu za kiume zimebadilika tangu mguu ulipoanza kulegea? Je, amewahi kuvuja mkojo bila kuhisi? Jibu moja likiwa baya, mpelekeni kesho asubuhi idara ya dharura ya hospitali yenye madaktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu. Hapo Dar es Salaam mna Taasisi ya Mifupa, MOI, ndani ya eneo la Muhimbili. Aende na CD ya picha zake, si karatasi ya ripoti peke yake, na mwombe apimwe kwa ultrasound kiasi cha mkojo kinachobaki kibofuni baada ya kukojoa. Kikibaki zaidi ya mililita 200, neva za kibofu zimekwisha kuingia matatani.

Sababu ya haraka hii inatokana na umbile la mahali penyewe. Kwa mtu mzima ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo, haufiki chini kabisa. Huishia kwenye usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kuanzia hapo mfereji umejaa maji pamoja na mizizi ya neva inayoning'inia kama nywele za mkia, ndiyo maana madaktari huiita mkia wa farasi. Mizizi hiyo ndiyo inayopeleka nguvu miguuni na ndiyo inayosimamia kibofu, utumbo wa mwisho na tendo la ndoa. Kwa kuwa inaelea majini na ina nafasi ya kusogea, uvimbe unaweza kukua miaka mingi ukiisukuma kando pole pole, na mwenyewe asilalamike chochote isipokuwa maumivu. Nafasi ikiisha, dalili huja kwa mfululizo: kwanza mguu, kisha mkojo. Kaka yako yuko kwenye mlango huo.

Ulichokiona kuhusu kulala ni dalili ya maana sana, na nasikitika kwamba kwa miezi 14 hakuna aliyeiuliza. Maumivu ya diski kwa kawaida hupungua mgonjwa akijilaza, kwa sababu mzigo umeondoka kwenye pingili. Maumivu ya uvimbe ulio ndani ya utando wa dura, ule unaofunika ugwe na mizizi yake, mara nyingi hufanya kinyume. Hali hiyo huelezwa kwamba mgongo ukinyooka kitandani mizizi huvutika, na msukumo wa maji yanayoizunguka hubadilika. Mgonjwa anayekuja na historia ya kulala ameketi anastahili MRI hata kama X-ray yake ni safi kabisa, maana X-ray huonyesha mfupa, na uvimbe huu si wa mfupa. Mara chache tu, ukikaa muda mrefu, hukwangua mfupa mpaka tundu la kutokea neva likaonekana pana kuliko ndugu zake.

Sasa swali lako la kwanza. Uvimbe wa mahali hapo, wa mviringo, wenye kingo safi, ndani ya utando wa dura lakini nje ya ugwe mgongo, kwa mtu wa umri wake, mara nyingi huwa mmojawapo wa aina mbili. Ya kwanza ni shwanoma, inayoota kwenye seli zinazofunika neva. Seli hizo zina jina la Theodor Schwann, mwanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19. Karibu kila mara si saratani, hukua polepole, na hukaa ubavuni mwa neva kama kinundu kilichoota kando ya kamba. Ya pili ni ependimoma ya aina ya miksopapilari, inayoota kwenye uzi mwembamba unaofunga ncha ya ugwe mgongo chini kabisa. Hiyo nayo hukua polepole, lakini ikipasuka inaweza kumwaga seli kwenye maji na kuota tena mbali, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa mwaka 2021, liliitoa daraja la 1 la ukali na kuipandisha daraja la 2. Kuna pia nyurofibroma, ambayo ni tofauti na shwanoma kwa jambo moja linalomsumbua mpasuaji: nyuzi za neva hupita ndani yake, kama ule uzi mgumu unaopita katikati ya muhogo, hivyo huwezi kuibandua ukaiacha neva nzima.

Kwa mtu wa Ukerewe ni lazima niongeze mambo mawili ambayo vitabu vya Ulaya huyaweka mwishoni. Kichocho, ambacho wavuvi wa Ziwa Victoria wanakijua, kinaweza kupeleka mayai yake kwenye ncha ya ugwe mgongo na kuleta ulegevu wa miguu na mkojo kufunga. Tiba yake ni prazikwanteli pamoja na dawa za kupunguza kuvimba kwa ugwe, si kisu. Lakini kichocho cha mgongo huja kwa siku au wiki, na kwenye picha ncha ya ugwe ndiyo huvimba. Mwendo wa miezi 14 na uvimbe wenye kingo safi chini ya ugwe havilingani nacho. Kifua kikuu cha mgongo nacho hula diski pamoja na pingili mbili zinazopakana, mara nyingi kwa homa za jioni na kukonda, na mfupa usingeonekana mzima. Haya atayapima daktari wenu, na vipimo vya damu na vya haja havina gharama kubwa.

Kinachokosekana ni MRI ya pili, safari hii kwa dawa ya gadolini mshipani, baada ya kupima damu kuhakikisha kuwa figo ni nzima, na ipigwe mgongo wote tangu shingoni hadi kwenye nyonga. Shwanoma zikiwa zaidi ya moja hutufanya tufikirie ugonjwa wa kurithi, na ependimoma inaweza kuwa imekwisha kudondosha mbegu chini. Mchunguzeni pia ngozi: mabaka mengi ya rangi ya kahawia au vinundu laini vingi ni habari muhimu kwa daktari.

Swali la pili: hapana, kwa uvimbe ulio ndani ya utando hatuchukui kinyama kwa sindano. Sindano ingepita katikati ya mizizi usiyoiona, na kama ni ependimoma ungekuwa umefungua mfuko wa mbegu. Uvimbe hutolewa, kisha huo wote ndio unaopelekwa patholojia, yaani maabara inayotambua aina yake. Hali ni tofauti kwa uvimbe uliomo ndani ya sakramu, yaani mfupa wa chini ya pingili za kiuno, au uliotokeza nyongani, ambako huwezi kupanga upasuaji kabla ya kujua jina lake. Nitarudi kwenye swali la tatu.

---

Mzee wa Nansio (Jumatatu, saa 12:30 asubuhi)

Mwanangu, mimi ni mmoja wa hao wazee unaowasema, na sitaki uchukulie maneno yetu kuwa ni ya watu wasiojua kitu. Mtoto wa jirani yangu alipasuliwa mgongo, akarudi kijijini kwenye kiti cha magurudumu, na mpaka leo yuko juu ya kiti hicho. Sisi tulimwona akiondoka na tukamwona akirudi. Daktari anasema kwa ufasaha, lakini hakai na mgonjwa baada ya hapo. Tunaokaa naye ni sisi. Kama uvimbe huo si saratani na unakua polepole, kama yeye mwenyewe anavyokiri, kwa nini usiachwe? Mtu anaweza kuishi na uvimbe wake akafa kwa uzee.

---

Daktari wa Zamu (Jumatatu, saa 1:40 usiku)

Shikamoo mzee. Hoja yako ni ya haki, na hata sisi huwa tunaiacha shwanoma ndogo iliyoonekana kwa bahati, kwa mtu asiye na dalili, tukampiga picha nyingine baada ya miezi sita au mwaka na kuendelea kuitazama. Mtu mwenye umri mkubwa na magonjwa mengine tunaweza kumtazama hivyo mpaka mwisho. Lakini ninaomba ruhusa nikuulize jambo moja kuhusu mtoto wa jirani: alipoondoka kijijini kwenda hospitali, je, alikuwa akitembea?

Nauliza kwa sababu hapo ndipo penye jibu la swali la tatu la ndugu yetu. Katika upasuaji wa uvimbe wa mizizi hii, kinachobashiri zaidi namna mgonjwa atakavyotoka ni hali anayoingia nayo. Anayeingia anatembea, kwa sehemu kubwa hutoka anatembea, ingawa wiki za kwanza mguu unaweza kulegea zaidi kwa kuguswa. Aliyekaa miezi miguu imekufa na mkojo unavuja, upasuaji humzuia asizidi kuharibika, lakini hauwezi kumuahidi kurudishiwa alichopoteza, na mkojo huwa wa mwisho kurudi, au usirudi. Huyo wa pili akirudi kijijini kwenye kiti, watu husema kisu ndicho kilichompooza. Sisemi kwamba kisu hakiwezi kupooza. Kinaweza, na daktari asiyekwambia hivyo kabla hujatia saini mkimbie.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa hupewa nusu kaputi na kulazwa kifudifudi, tumbo likining'inia ili mishipa ya damu ya mgongoni isijae. Kabla ya kukata, mashine ya X-ray iliyomo chumbani hutumika kuhesabu pingili, kisha huhesabiwa tena mfupa ukishaonekana. Msicheke: kuna watu ambao pingili yao ya tano ya kiuno imeungana na sakramu, ukikosea kuhesabu umefungua chumba kisicho na mgeni. Mwaka 1887 mjini London, Victor Horsley alipotoa uvimbe wa mgongo kwa mara ya kwanza kwa mafanikio, hakukuwa na picha ya aina yoyote. Mwenzake William Gowers alikuwa ameupata kwa kuuliza na kupima ganzi tu. Walipofungua hawakukuta kitu, ikabidi waendelee kukata kwenda juu mpaka wakaufikia. Mgonjwa wao, aliyekuwa ameumwa miaka kadhaa na kupewa majina mengi ya ugonjwa, alirudi kutembea.

Baada ya kuondoa kipande cha upinde wa mfupa, utando wa dura hufunguliwa chini ya hadubini na uvimbe huonekana umekaa kati ya mizizi kama yai ndani ya nyasi. Shwanoma kwa kawaida huwa imetokea kwenye uzi mmoja wa neva, mara nyingi wa hisi, ambao umekwisha kufa zamani kazi yake ikachukuliwa na majirani. Mpasuaji huugusa kila uzi kwa ncha ya umeme mdogo, huku sindano nyembamba zilizochomwa kwenye misuli ya miguu na ya njia ya haja kubwa zikisikiliza. Uzi usiojibu ndio unaokatwa juu na chini ya uvimbe. Uzi ukijibu kwa kurusha mguu, huachwa, hata kama itabidi kubakiza ganda jembamba la uvimbe juu yake. Mimi niko upande wa wanaobakiza: ganda linaweza kutazamwa kwa picha miaka mingi, lakini kibofu hakina kipuri. Ikiwa ni ependimoma, mpango hubadilika. Hapo lengo ni kuutoa mzima bila kuutoboa, kwa kukata ule uzi wa chini pande zote mbili, baada ya kuhakikisha kwa umeme kwamba ni ule uzi wa ncha ya ugwe kweli wala si neva inayofanana nao.

---

Mama Wawili (Jumatatu, saa 3:05 usiku)

Mdogo wangu, mimi nilipasuliwa uvimbe wa namna hiyo miaka sita iliyopita nikiwa na miaka 38, na ninakuandikia nikiwa nimetoka sokoni kwa miguu. Ninakuandikia pia kwa sababu ya lile jambo ambalo kaka yako aliona haya kulisema. Mimi nilikaa nalo wiki tano. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha mbao naona kama nimekalia mto, na nilifikiri ni kawaida baada ya kuzaa. Daktari wa kwanza, mwanamume kijana, hakuniuliza, nami sikumwambia. Mguu wangu ulirudi wote. Kibofu changu hakikurudi chote, na mpaka leo hutumia mpira mwembamba kujitoa mkojo asubuhi na usiku. Ninaishi vizuri, lakini zile wiki tano huwa nazihesabu.

Kuhusu gharama, tumieni bima kama mnayo na ulizeni mapema ni vipimo vipi inavilipia, kwa sababu MRI ya mgongo wote ilitusumbua zaidi kuliko upasuaji wenyewe. Kama hamna, nendeni dirisha la ustawi wa jamii kabla ya kulazwa. Ukienda siku ya kutoka hospitali, unaenda kama mdaiwa. Na watafuteni ndugu wa kuchangia damu tangu sasa.

---

Muuguzi wa Wodi ya Chini (Jumanne, saa 11:20 alfajiri)

Daktari ameeleza ya chumba cha upasuaji. Mimi nieleze ya wodini, ambayo ndugu hawaelezwi. Utando wa dura hushonwa ili maji yasipite, lakini shono ni shono. Wapasuaji wengi humtaka mgonjwa alale bapa siku moja hadi tatu, na ndugu wenye huruma humwinua kwa siri ili ale ugali vizuri. Msifanye hivyo. Kichwa kinachouma mara tu akiketi na kuacha akilala, au bandeji inayolowa maji meupe yasiyo damu wala usaha, ni dalili kwamba maji ya mgongo yanavuja. Mwambieni muuguzi saa hiyo hiyo, kwa sababu njia yanayotokea maji ndiyo njia wanayoingilia vijidudu vya homa ya uti wa mgongo.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mwili wote kwa pamoja kama gogo, bila kumpinda kiunoni. Mwenye ganzi matakoni hupata kidonda bila kuhisi. Achezeshe vifundo vya miguu tangu siku ya kwanza ili damu isigande. Apewe papai, maji ya kutosha na dawa ya kulainisha choo, maana kusukuma kwa nguvu chooni husukuma na maji ya mgongo. Mpira wa mkojo ukitolewa, dai kwamba kibofu kipimwe baada ya kukojoa. Mgonjwa anayesema kuwa amekojoa anaweza kuwa amemwaga kile kilichofurika tu. Na msinunue deksamethasoni kwenye duka la dawa eti kwa kuwa jirani alipewa ikamsaidia maumivu: ina kipimo chake na muda wake, na wakati mwingine hubadilisha sura ya uvimbe kabla haujajulikana.

---

Mdogo wa Mvuvi (baada ya wiki saba)

Ninawashukuru wote, na ninaomba radhi kwa ukimya. Usiku ule ule nilimuuliza kaka yale maswali ya daktari. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba upande wa kulia wa matako hauhisi maji. Tulikwenda idara ya dharura Jumatatu asubuhi. Mkojo uliobaki kibofuni ulikuwa mililita 340. Alilazwa siku hiyo hiyo, MRI ya pili ikapigwa kwa dawa, mgongo wote, na uvimbe ukaonekana kuwa ni mmoja tu, ukiwaka kingo na kuwa na sehemu nyeusi katikati. Kichocho kilipatikana kwenye choo, kama kwa wavuvi wengi, akatibiwa, lakini madaktari walisema wazi kuwa hicho hakikuwa na kesi na mgongo.

Upasuaji ulichukua saa nne na nusu. Neva moja haikujibu umeme, ikakatwa, na uvimbe ukatoka mzima. Siku ya pili shangazi alimwinua kidogo anywe uji, kichwa kikamuuma, akalazwa bapa siku mbili zaidi. Majibu ya patholojia yalitoka baada ya siku 12: shwanoma, daraja la 1. Usiku wa nne baada ya upasuaji kaka alilala kitandani mpaka asubuhi, na shemeji alikwenda mara tatu kumsikiliza kama anapumua.

Mguu kwanza ulilegea kuliko ulivyokuwa, tukaogopa sana, lakini tangu wiki ya tatu anainua vidole na sasa anatembea kwa fimbo moja. Alifundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mara nne kwa siku. Juzi kilichobaki kilikuwa mililita 90, na wamempunguzia iwe mara moja. Kibaka cha ganzi kwenye muundi bado kipo. Mzee wa Nansio, shikamoo. Kaka anakusalimu na anauliza kama ile mitumbwi miwili imekwisha kupigwa kalafati.

Ninalo swali moja la mwisho: yeye anataka kurudi ziwani mwezi ujao.

---

Mzee wa Nansio (siku hiyo hiyo, saa 1:10 usiku)

Marahaba, mwanangu. Mtumbwi mmoja tayari, wa pili unangoja pamba. Mwambie asiwe na haraka. Nilikwenda kumuuliza jirani lile swali la daktari. Kijana aliondoka kijijini amebebwa kwenye machela.

---

Daktari wa Zamu (siku hiyo hiyo, saa 3:30 usiku)

Ahsante, mzee, kwa kwenda kuuliza. Kwa mvuvi wetu: mwezi ujao anaweza kukaa kwenye mtumbwi uliotulia, lakini asivute nyavu wala kubeba mashine ya boti mpaka daktari wake amwone tena, kwa kawaida karibu na mwezi wa tatu baada ya upasuaji, atakapopigwa picha ya kwanza ya kulinganishia zitakazofuata. Baada ya hapo picha huwa ya kila mwaka kwa miaka michache, kisha kwa kuachanisha muda mrefu zaidi. Kwa kuwa mguu bado hauhisi vizuri, avae kiatu kilichofunikwa badala ya ndala, na kila jioni autazame unyayo kama una jeraha la mwiba au ndoana. Akipata homa na mkojo wenye harufu kali katika kipindi hiki cha mpira, aende zahanati siku hiyo hiyo, aeleze kwamba alipasuliwa mgongo, na awaonyeshe karatasi ya patholojia. Pigeni nakala tatu: ya kwanza ikae Dar es Salaam, ya pili Ukerewe, ya tatu kwenye simu ya shemeji.